Vikopo saba vya Citadel: deraya nyekundu, mabega ya mfupa

Kama unapaka rangi vijiaskari vya plastiki vya mchezo wa mezani na una pesa ya kikopo kimoja tu cha nyekundu, nunua Mephiston Red. Kama una pesa ya kikopo kimoja tu cha rangi ya kivuli, nunua Agrax Earthshade. Nayatanguliza haya mawili kwa sababu najua baadhi yenu mnasoma mkiwa mmesimama dukani, mbele ya rafu yenye mamia ya vikopo, na mtoto amewashika nguo akiuliza kama mmeshachagua. Wenye nafasi, twende polepole.

Mimi ni mchora hina. Mzaliwa wa Mombasa, mkaazi wa Leicester, na riziki yangu iko kwenye mikono na miguu ya maharusi. Askari wa plastiki waliingia nyumbani kwangu na mwanangu, aliyeupenda Warhammer 40,000, mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa vijiaskari, tangu yuko shule ya msingi. Mchezo huo ulitoka mwaka 1987, na kampuni inayoutengeneza, Games Workshop, makao yake yako Nottingham, jirani yetu kabisa kwa treni. Rangi zake huuzwa kwa jina la Citadel. Kikosi alichokichagua kijana ni Blood Ravens, ambacho kilibuniwa na kampuni ya Relic Entertainment ya Kanada kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa mwaka 2004, kisha kikapendwa hadi kikahamia mezani. Deraya yao ni nyekundu iliyoiva, mabamba ya mabega ni rangi ya mfupa, na nembo yao ni kunguru mweusi mwenye tone la damu. Kucheza anacheza yeye. Kupaka tunapaka wote wawili, na aliyemfundisha kushika brashi ni mimi. Ndiyo maana mapitio haya yatakuwa na mafunzo ndani yake. Rangi huwezi kuisifu wala kuilaumu kwa haki bila kusema ilipakwaje.

Ninavyovipima ni vikopo saba. Upande wa nyekundu: Mephiston Red, Evil Sunz Scarlet na Wild Rider Red. Upande wa mfupa: Zandri Dust, Ushabti Bone na Screaming Skull. Cha saba ni Agrax Earthshade, kinachotumika pande zote mbili. Tangu 2012 Citadel wanagawa rangi zao kwa kazi yake: zile za Base zina chembe nyingi za rangi na zimekusudiwa kufunika, zile za Layer ni nyepesi na hukaa juu ya Base, na zile za Shade ni majimaji yanayotelemkia kwenye mifereji na maungio. Base na Layer huja katika vikopo vya mililita 12, Shade mililita 18. Kikopo kidogo hapa Uingereza ni karibu pauni 3. Mililita 12 zaonekana kiduchu, lakini askari mwenyewe ni wa sentimita tatu na kitu. Kikopo kimoja cha Mephiston Red kinamaliza kikosi na kubaki.

Nyekundu ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, kwa hiyo nianze nayo, na nitakaa hapo.

Tabia ya nyekundu ni kupitisha mwanga. Chembe nyingi za nyekundu zinazotumika kwenye rangi za maji siku hizi ni za kikaboni. Zinang'aa vizuri lakini hazifuniki. Zamani wachoraji walitegemea kadimiamu, inayofunika barabara, ila ina sumu, wala si kitu cha kuweka mbele ya mtoto anayelamba ncha ya brashi. Kwa hiyo kila nyekundu utakayonunua, ya Citadel au ya mwingine, itakuonyesha kilichoko chini yake. Ukipaka juu ya nyeusi, utapata nyekundu iliyozama. Ukipaka juu ya nyeupe, itawaka, na pale ilipokuwa nyembamba itaelekea waridi. Hapo ndipo unaposhinda au kushindwa vita vya nyekundu, kabla kikopo hakijafunguliwa.

Kwa Blood Ravens ushauri wangu ni praima, yaani rangi ya kwanza kabisa inayoshikisha zile za juu, ya rangi ya mfupa au ya hudhurungi iliyokolea. Ya mfupa, kwa mfano Wraithbone ya kupuliza, inakupa nyekundu iliyochangamka na wakati huohuo inakusaidia mabegani. Ya hudhurungi inakupa nyekundu tulivu, ya damu ya mzee, inayofanana zaidi na picha za kikosi hiki. Citadel wanauza pia Mephiston Red yenyewe katika kopo la kupuliza. Kwa mwenye askari wengi hiyo ni rahisi kupita yote: unapuliza nje, unarudi ndani na tabaka la kwanza limeshamalizika, limeenea hadi kwapani ambako brashi haifiki.

Sasa Mephiston Red ya kikopo. Kwa nyekundu, inafunika kuliko nilivyotarajia. Juu ya praima ya mfupa, tabaka mbili zinatosha. Juu ya nyeusi, jiandae kwa tatu au nne. Lakini usiipake kama ilivyo kikoponi. Ni nzito, na uzito wake unaziba mistari iliyochongwa kwenye plastiki, ile mistari unayolipia pesa. Mimi nachota kwa brashi, naweka kwenye kigae cheupe cha bafuni, naongeza maji tone moja, nachanganya, kisha napiga mstari kwenye ukucha wa dole gumba. Mstari ukikaa pale ulipochorwa na ukucha ukaonekana kwa mbali chini yake, rangi iko sawa. Ukitiririka hadi kwenye ngozi, maji yamezidi. Ukiacha matuta ya unywele wa brashi, maji bado.

Jambo ambalo sijaliona likisisitizwa inavyostahili ni mwisho wa mkupuo, yaani mvuto mmoja wa brashi. Rangi nyembamba hujikusanya pale brashi inaponyanyuliwa. Basi anzia penye mwanga na umalizie penye kivuli: kwenye paja, anzia juu ya goti uishie nyuma, kwenye kofia, anzia utosini uishie shingoni. Kwa tabaka mbili za namna hiyo deraya inaanza kupata umbo kabla hujagusa kikopo cha pili. Kisha acha ikauke kabisa. Rangi iliyokauka haing'ai popote. Ikiwa bado kuna sehemu inameta, ukipitisha brashi utaing'oa na kuacha shimo.

Kijana wangu siku zile alikuwa hana subira hata kidogo.

“Mama, bado naona praima chini yake.”

“Tabaka la kwanza ndivyo linavyokuwa, mwanangu. Liache likauke, uje na la pili.”

“Si niipake nzito tu iishe?”

“Ukiipaka nzito, zile ribiti za bega, vile vichwa vidogo vya misumari, hutaziona tena.”

Alizitazama ribiti, akaweka brashi chini. Siku hizi ndiye anayenikumbusha mimi.

Baada ya hapo inakuja Agrax Earthshade, na hapa nina msimamo. Mafunzo mengi ya wanaoanza yanasema umwagie askari mzima majimaji ya kivuli. Kwa manyoya, minyororo na ngozi, sawa. Kwa deraya laini ya chuma, hapana: madoa yanakauka katikati ya bamba kwa umbo la dimbwi, na nyekundu yote inachafuka. Chukua brashi yenye ncha, gusa Agrax, futa kidogo kwenye kitambaa, kisha iguse mifereji tu: pale paja linapokutana na kiuno, kuzunguka bamba la goti, chini ya kidevu cha kofia. Iache itembee yenyewe ndani ya mfereji. Ikivuka ukingo, irudishe mara moja kwa brashi yenye maji safi, na palipobaki doa rudishia Mephiston Red. Rangi hizi za Shade zilibadilishwa mwaka 2022, na zile za sasa zinashuka mferejini vizuri zaidi na kuacha doa kidogo juu ya bapa. Kwa anayeanza hayo ni maendeleo makubwa.

Je, Agrax ndiyo kivuli bora kabisa cha nyekundu? Hapana. Carroburg Crimson, yenye uzambarau ndani yake, inatoa nyekundu yenye kina zaidi, na kwa askari mmoja wa maonyesho ningeitumia hiyo. Nuln Oil, ambayo ni nyeusi, inaifanya nyekundu ionekane imekufa. Lakini Agrax ni hudhurungi, na hudhurungi hiyohiyo ndiyo utakayoiweka kwenye mfupa. Kivuli kimoja kikipita sehemu zote mbili, mwili na mabega vinaonekana viko chini ya jua moja. Hilo lina thamani kuliko kina cha ziada, na linakuokolea bei ya kikopo.

Evil Sunz Scarlet ni Layer, na ina wepesi wa kweli: juu ya Mephiston Red inapanda hatua moja tu, kwa hiyo hata mkono ukitetemeka kosa halipigi kelele. Naitumia kwenye bapa zinazotazama juu, halafu kwenye kingo. Kuchora kingo watu wanaogopa bure. Usitumie ncha ya brashi. Tumia ubavu wake. Laza brashi, uivute kando ya ukingo, plastiki yenyewe inakata mstari. Mkono uwe na mahali pa kuegemea. Katika hina, kidole changu kidogo hukaa juu ya mkono wa bibi harusi muda wote. Huku kinakaa kwenye kishikio cha askari, na viwiko viwili viko mezani. Kishikio si lazima kinunuliwe. Kizibo cha chupa na kipande cha gundi ya ufinyanzi, ile laini ya kubandika na kubandua, vinatosha.

Wild Rider Red ndiyo kikopo ninachokipenda kuliko vyote saba, na ndicho kinachotumika kidogo kuliko vyote. Ni nyekundu iliyoelekea chungwa. Hiyo ndiyo njia ya kuipandisha nyekundu. Ukiiongezea nyeupe utapata waridi, na askari wa waridi ni kikosi kingine. Wild Rider Red naigusisha tu kwenye pembe: paji la kofia, vifundo vya vidole, kilele cha goti, ncha ya buti. Nukta, au mstari mfupi kuliko punje ya mchele. Ukiipaka kwenye kingo zote utapata askari aliyezungushiwa waya wa machungwa. Ukiiweka pale mwanga unapoanguka kweli, deraya yote inapata ugumu wa chuma, na mtu aliye upande wa pili wa meza anauona.

Upande wa mfupa mambo yanageuka. Rangi za mfupa zina nyeupe nyingi ndani yake, na nyeupe hiyo ni titani dioksidi, ambayo inafunika sana. Kwa hiyo hapa kupata rangi si tabu. Tabu ni ulaini. Rangi za namna hii, zikipakwa nene au zikipitiwa kabla hazijakauka, zinakuwa na unga unga kama ukuta uliopakwa chokaa. Hata ukiangalia kwa mbali unaziona zimekauka vibaya.

Zandri Dust ni msingi mwema. Ni kaki hasa, kaki ya sare za shule, na anayeiona mara ya kwanza atafikiri amepewa rangi siyo. Mwamini muuzaji. Kazi yake ni kuwa kile kilicho chini na pembeni, mfupa wenyewe unakuja juu. Tabaka mbili nyembamba zinafunika hata nyeusi. Nikilinganisha vikopo vyote saba, huu ndio unaomsamehe anayeanza kuliko mwingine wowote.

Juu yake Agrax tena, mferejini tu, hasa pale mdomo wa bamba la bega unapokutana na bapa. Wengine watakwambia utumie Seraphim Sepia, yenye njano ya asali. Ni nzuri kwa mafuvu na kwa karatasi kuukuu za sala ambazo askari hawa huzitundika kwenye deraya. Kwa bega, naiona inaleta utamu ambao nyekundu ya jirani haiutaki.

Kisha Ushabti Bone, ambayo ndiyo rangi jicho litakayoiita mfupa. Hapa ongeza maji zaidi ya ulivyozoea kwenye nyekundu, na utegemee tabaka tatu. Acha kaki na hudhurungi vionekane uzi mwembamba kandokando ya mdomo wa bamba. Bamba la bega la hawa askari ni la mviringo na kubwa, hakuna mahali pa kuficha mkupuo wa brashi, kwa hiyo vuta kila mkupuo kwa upande mmoja, kutoka chini kwenda juu, umalizie juu penye mwanga. Hiyo ni kinyume cha nyekundu tuliyoimalizia kivulini, na sababu ni ileile: rangi hujikusanya mwishoni, na safari hii tunayoipaka ni ya mwanga.

Screaming Skull inafuata kwenye ukingo wa juu wa bamba na sehemu ya juu ya mviringo. Ni nzuri ikiwa mbichi. Tatizo lake ni kwamba inapenda kutulia chini ya kikopo, na isipotikiswa ya juu inatoka maji na ya chini inatoka uji. Itikise, uikoroge na kijiti cha meno, uitikise tena. Wenye mikono mizito wanaweza kuishia Ushabti Bone na wasipungukiwe na kitu. Nyeupe tupu mfupa hauihitaji.

Kuna njia ya mkato, na nitakuwa mwizi nikiificha. Mwaka 2019 Citadel walitoa rangi za Contrast, zinazopaka na kutia kivuli kwa mkupuo mmoja. Skeleton Horde juu ya praima ya Wraithbone inakupa mfupa kwa dakika chache, na kwenye mifupa yenyewe, pembe na vitambaa vyenye mikunjo, matokeo ni ya kupendeza. Kikopo ni mililita 18, karibu pauni 5. Lakini bega la mviringo halina mikunjo. Rangi inatelemka hadi chini, inaacha dimbwi, na ukijaribu kulisukuma wakati limeanza kukauka unapata michirizi. Kwa kikosi hiki, kwa mabega haya, chukua Zandri Dust.

La maana kuliko kikopo chochote ni hili: usibandike mabega kabla ya kupaka. Katika visanduku vingi vya askari hawa mabamba ya mabega ni vipande vya peke yake. Yabandike kwenye kijiti kwa gundi ya ufinyanzi, paka mwili mwekundu upande huu, paka mabega ya mfupa upande ule, kisha uyakutanishe mwisho. Rangi hizi mbili zikipakwa zikiwa zimeshikana, tone la nyekundu likianguka kwenye mfupa halifutiki kirahisi, na mfupa ukivuka kwenye nyekundu unaacha utando wa waridi. Zikipakwa mbalimbali, ugomvi haupo. Kumbuka tu kuacha sehemu ya gundi bila rangi, maana gundi ya plastiki inashika plastiki tupu, haishiki rangi. Kwenye visanduku vya askari ambao vipande vyao hubanwa pamoja bila gundi, wakati mwingine bega limeungana na mkono. Hapo paka mfupa kwanza mpaka ukamilike, nyekundu ije baadaye, kwa sababu nyekundu juu ya mfupa inakaa vizuri na mfupa juu ya nyekundu unakutesa.

Kunguru tunamchora kwa mkono, nyeusi juu ya mfupa. Hapa nakiri kwamba nina faida, maana piko nimechora tangu usichana. Hata hivyo umbo si gumu: anza na mstari wa mabawa mawili, uinamishe kidogo kwenda chini, weka kichwa upande mmoja, kisha ujaze. Nyekundu ya tone njoo nayo mwisho, Mephiston Red isiyo na maji mengi. Ukikosea ukingo wa bawa, Ushabti Bone iko, inakata mstari upya.

Brashi, kwa ufupi: namba 1 yenye ncha nzuri inafanya karibu kila kitu nilichoeleza. Usikimbilie ile nyembamba kama sindano; inashika rangi kidogo na rangi inakauka kabla haijafika kwenye ukingo. Za nywele bandia ni bei nafuu na zinafaa kwa Base, ila ncha zao hujikunja baada ya muda. Winsor & Newton Series 7, ya nywele za mnyama aitwaye kolinski, ni ghali lakini ukiiosha kwa sabuni na usiache rangi ipande hadi kwenye chuma, inadumu. Mwanga nao ni kifaa. Desemba huku kwetu jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na chini ya balbu ya manjano Ushabti Bone na Screaming Skull zinafanana kabisa. Taa ya mwanga wa mchana ni pesa iliyokwenda mahali pake.

Vikopo vya Citadel vina kifuniko cha kufunua na kubana. Ni rahisi kuchovya brashi, ila rangi ikikauka kwenye mdomo kifuniko hakibani sawasawa na hewa inaingia, kwa hiyo futa mdomo kwa kitambaa kila unapofunga. Mimi napendelea chupa ya kudondosha, kama wanazotumia Vallejo wa Hispania, kwa sababu unahesabu matone na kesho unarudia mchanganyiko uleule. Nyekundu zao nimezitumia na ni nzuri, japo naona zinataka kutikiswa zaidi. The Army Painter wa Denmaki wana jambo moja la maana sana kwa anayeanza: kopo lao la kupuliza la Dragon Red lina chupa ya jina hilohilo ya rangi ileile, na Skeleton Bone vivyo hivyo. Unapuliza, kisha palipokosewa unarudishia kwa brashi bila kutafuta rangi inayofanana. Mwenye askari wengi na saa chache afikirie njia hiyo. Kinachonibakisha kwa Citadel ni ule mfuatano wa hatua: Mephiston, Evil Sunz, Wild Rider zimepangwa kwa kupishana sawasawa, na Zandri, Ushabti, Screaming Skull hivyohivyo. Anayejifunza hajui bado kuchanganya hatua zake mwenyewe, na hapa amechanganyiwa.

Kwa walioko Mombasa, Tanga, Dar na Unguja kuna neno la ziada. Mwana wa dada yangu huko nyumbani naye ameingia kwenye mapenzi haya, na kila nikikaribia kusafiri huniandikia.

“Khalati, niletee lile kopo la Wraithbone.”

“Halipandi ndege hilo, mwanangu. Lina gesi inayowaka. Nitakuletea praima ya kupaka kwa brashi.”

Na kweli hata posta ya ndege haiyapokei makopo ya rangi ya kupuliza. Praima ya Vallejo ya brashi, Surface Primer, inafanya kazi vizuri kwenye joto la pwani. Tabaka moja jembamba, uiache hadi kesho yake kabla hujaikwaruza na chochote. Rangi za kawaida nazo zinakauka upesi chini ya feni, kwa hiyo tengeneza sahani ya unyevu: kibweta cha plastiki chenye kifuniko, sponji iliyolowa maji ndani yake, na juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi inakaa mbichi jioni nzima, na Mephiston Red iliyokwisha kuongezwa maji unaikuta hivyohivyo kesho.

Vanishi ya kupuliza katika hewa yenye unyevu mwingi inaweza kugandisha utando mweupe juu ya rangi, na utando huo unaumiza zaidi kwenye nyekundu. Hii ni hatari ya pwani msimu wa masika na ni hatari ya Leicester mwezi Januari. Paka vanishi ya brashi isiyong'aa, nyembamba, mara mbili. Itaituliza nyekundu kidogo na kuondoa ule unga wa Screaming Skull ikiwa ulibaki. Ikishakauka, rudia Wild Rider Red kwenye paji la kofia na vifundo vya vidole, kisha lenzi za macho, ambazo sisi tunazipaka kijani, zitie tone moja moja la vanishi inayong'aa.